Jina Nililoliandika kwa Wino

Kwa wiki tatu, Mwingereza mmoja aliyekufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita alikuwa na baba niliyempa mimi. Nilimpa mchana kweupe, kwenye meza ya kulia chakula katika nyumba moja ya Al Wakrah, Qatar, nikiwa na sare yangu ya kazi na kalamu mkononi, na wala sikuhisi kwamba nimefanya jambo. Hatia ilikuja baadaye, na ilipokuja haikuondoka upesi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nairobi nilikuwa nimeacha kikundi cha waandishi vijana tuliokutana kila Jumamosi kusomeana hadithi ambazo hakuna aliyetaka kuzichapisha. Doha nilikuja na cheti cha kutunza wazee, ambacho, tofauti na hadithi zangu, kilikuwa na soko. Aliyeniajiri alikuwa mwalimu, mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa na mtu wa hapa hapa Qatar, akasilimu, akakaa. Nilimwita Madam. Mama yake alipofariki kule kwao alimleta baba yake, na mimi nikaletwa kwa ajili ya huyo baba.

Mzee alikuwa na kisukari, na kisukari kilikuwa kimemla macho kutoka katikati kwenda nje. Aliona kingo za vitu, lakini pale alipoelekeza macho palikuwa na ukungu. Aliniambia siku ya kwanza kwamba uso wangu ulikuwa wingu lenye masikio. Aliniita Sista, kama wazee wa kwao wanavyowaita wauguzi, nami nilimwita Mzee. Alipojua maana ya neno hilo alifurahi, akasema kwa Kiingereza hakuna njia ya kumwita mtu mzee bila kumtukana.

Kwenye mkataba kazi yangu ilikuwa sindano asubuhi na jioni, kukagua miguu yake kama ina kidonda, na kumtembeza ufukweni kabla jua halijapanda. Kazi yenyewe hasa ilikuwa mtu mmoja aliyezaliwa Uingereza katika karne ya kumi na saba, babu wa mababu wa Mzee. Majina siyataji, ya walio hai wala ya waliokufa. Huyo nitamwita Mkaidi, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita moyoni tangu nilipohadithiwa habari zake.

Mkaidi alikataa kumpeleka mwanawe kanisani abatizwe. Ni hilo tu. Aliamini kwamba mtoto mchanga hawezi kumwamini Mungu kwa niaba yake mwenyewe wala mtu hawezi kumwaminia, na kwamba maji yanamfaa aliyeamua. Siku zile kanisa lilikuwa moja na lilikuwa la mfalme, kwa hiyo kukataa maji ya kasisi kulikuwa kumkataa mfalme. Wakamwita mara ya kwanza, wakamwita mara ya pili, wakamfunga. Alipotoka jela alimchukua mkewe na mtoto, akapanda meli ya kwenda Amerika, na kule akawa mtu wa maana katika mji mdogo wa watu wakaidi kama yeye. Habari zake za Amerika zilijulikana zote, hadi idadi ya ng'ombe wake. Tawi la Mzee lilirudi Uingereza baadaye, lakini binamu yake, mwanamke wa tawi lililobaki huko, alikuwa anazikusanya zitolewe kitabu cha ukoo. Kilichokosekana ni upande wa nyuma. Mkaidi alikuwa mwana wa nani? Hakuna aliyejua, na hiyo ndiyo sehemu ambayo Mzee aliahidi kuleta kabla macho hayajafunga kabisa.

"Kila mtu anataka kujua alikofika," aliniambia siku moja nikimpaka mafuta miguuni. "Mimi nataka kujua alikotoka. Lazima siku ile ya kuondoka kulikuwa na baba mlangoni. Alisema nini?"

"Labda alimbariki, Mzee."

"Labda." Akanipa mguu wa pili. "Ningependa hivyo."

Niliielewa sauti ile kwa sababu wiki ya kwanza Madam alikuwa amenionya. Aliniambia tukiwa jikoni, akikata matango, bila kunitazama: baba yake hakuja harusini kwake. Alikuwa mtu wa kanisa maisha yake yote, mpiga kinanda wa Jumapili, na binti yake wa pekee alipomwandikia kwamba amesilimu na anaolewa, alijibu kwa barua ya mistari minne. Hakumtukana, hakumlaani. Alisema hataweza kufika. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita, Mzee alikuwa anakula mezani kwa mkwewe na kubishana naye mpira kwa furaha, na habari ya harusi ile haikuwa imetajwa na mtu yeyote.

"Usiiguse," Madam aliniambia. "Sisi wenyewe hatuigusi."

Basi tulikuwa na karatasi. Ilikuwa kubwa kama kitambaa cha meza, na kila asubuhi baada ya matembezi niliikunjua na kuzikandamiza pembe zake kwa vikombe vya chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki tuliyonunua njiani kwenye dirisha la kibanda. Juu yake ulikuwa ukoo mzima, na sheria yake ilikuwa moja. Jina lisilothibitishwa liliandikwa kwa penseli. Jina lenye karatasi nyuma yake, kitabu cha kanisa, wosia, orodha ya meli, liliandikwa kwa wino mweusi, mnene. Kupandisha jina kutoka penseli hadi wino ilikuwa sherehe. Mzee alisimama, nami nilisoma ile hati kwa sauti tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ndipo akasema, "Wino, Sista," nami nikaandika. Penseli hakuiona tena. Wino aliuona kwa kile kioo chake cha kukuzia chenye taa, akiupitisha pembeni mwa jicho.

Asubuhi ya kosa langu ilifika bahasha kutoka ofisi ya kumbukumbu ya wilaya ya Mkaidi, nakala za vitabu vya kanisa ambazo Mzee alikuwa ameziagiza. Aliipapasa unene, akafurahi, akasema tutaifungua akiamka. Sindano ilikuwa imemchosha. Akalala.

Nilibaki na karatasi. Niliitazama ile nafasi juu ya Mkaidi, na chini yake nikamtazama mwanawe wa kwanza, yule aliyekataliwa maji, jina lake likiwa limeandikwa kwa wino kutoka kitabu cha Amerika. Nikashangaa kwamba watu wazima, wasomi, wanatafuta kwa miaka kitu kilicho mbele ya macho yao. Kwetu Nyeri kifungua mimba wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Hakuna anayekaa kujadili. Wa pili huchukua la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa upande wa nyanya, na ukinipa majina ya watoto wanne wa mtu nitakuambia wazazi wa pande zote mbili bila kuuliza. Kaka yangu mkubwa ana jina la babu. Mama humwita "baba mkwe" anapotaka kumtuma dukani. Kwa hiyo baba wa Mkaidi alikuwa anajulikana. Alikuwa amekaa pale chini, kwa mjukuu wake, anasubiri mtu amwone.

Nikachukua kalamu nikamwandika.

Kwa nini si penseli? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani kwa sababu sikuona kwamba nakisia. Mtu akisema jua litachomoza kesho haandiki kwa penseli.

Mzee aliamka, akaja mezani na kioo chake kama kawaida, akapita juu ya karatasi kama mtu anayepiga pasi. Akasimama ghafla.

"Sista. Kuna kitu hapa juu."

"Ndiyo, Mzee. Ni baba yake."

"Amepatikana?"

"Amepatikana."

Aliweka kioo chini. Aliweka mikono yote miwili juu ya lile jina, wino wenyewe ukiwa bado haujakauka vizuri, na alipoiinua vidole vyake vilikuwa vyeusi. Akasema, "Alikuwa na jina la babu yake, basi. Yule mtoto. Alimpa mwanawe jina la baba yake." Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ya kumbukumbu ya mkewe. "Unaelewa maana yake? Waliachana vizuri. Mtu hampi mwanawe jina la baba aliyemfukuza."

Alidhani jina limetoka kwenye bahasha. Nililijua hilo saa ile ile, maana aliigeukia bahasha akaipigapiga kama mtu anayempongeza mbwa. Nami ningeweza kusema. Ilihitaji sentensi moja. Lakini mtu anapolia kwa furaha juu ya kitu ulichompa, ile sentensi moja inakuwa nzito, na kila siku inayopita inazidi uzito. Jioni alimpigia binamu yake Amerika kwa kompyuta, na kipaza sauti kikajaza sebule kwa makelele ya mama yule: "Umempata! Wewe kipofu umempata!" Siku iliyofuata akaniamuru niandike barua pepe. Niliiandika. Wiki ya pili binamu akajibu kwamba ukurasa wa kwanza umeshapangwa kwa mpiga chapa.

Bahasha nilikuwa nimeifungua mwenyewe. Lile jina halikuwamo popote.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Asubuhi nilienda kanisani, kisha nikaenda mtaa wa Muaither kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, aliyekuwa mlinzi wa mlango katika duka kubwa na aliyeishi na wenzake wanne chumba kimoja. Alikuwa anasonga ugali. Nilimsimulia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikitarajia anihurumie.

"Ngoja, ngoja," alisema. "Umemwandikia nani baba?"

"Mkaidi."

"Huyo wa kitambo."

"Huyo."

"Na hiyo jina umetoa wapi?"

"Kwa kifungua mimba wake."

Aliacha kusonga. Alinitazama, kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Haki nyinyi watu wa mlimani! Mnafikiria dunia yote ni kwenu. Huko Uingereza kulikuwa na Mkikuyu gani?"

"Sasa mtoto wangemwita nani?"

"Mimi naitwa nani?"

Jina lake, kwa lugha ya kwao karibu na ziwa, ni la mtu aliyezaliwa usiku.

"Haya, chukua kalamu," akasema. "Andika na wino: babake huyu dada ni usiku. Na ndugu yangu, babake ni mvua. Tena andika vizuri, mzungu apige chapa."

Nilicheka pia, kwa nini nisicheke. Ugali ukaanza kunuka kuungua, akaugeukia, na akiwa amenipa mgongo akauliza kwa sauti nyingine, "Huyo mzee anajua?"

"Hajui."

"Na anakuamini?"

"Haoni."

"Hiyo si jibu ya swali yangu."

Nilisimama nikamshikia sahani.

"Mwambie kesho."

"Wakinirudisha? Visa yangu iko kwao."

"Utarudi ukiwa umesema," akajibu, akapakua. "Kula."

Kesho yake nilimwambia ufukweni. Tulikuwa tumefika pale tulipozoea kugeukia, mkono wake kwenye mkono wangu, bahari imetulia kama maji ya beseni. Nikasema, "Mzee, lile jina la baba yake Mkaidi."

"Ndiyo."

"Kwenye bahasha halimo."

Alisimama. "Limo wapi?"

"Halimo popote. Ni desturi ya kwetu." Nikamweleza, nyumba kwa nyumba, kifungua mimba na babu, wa pili na babu wa pili, kaka yangu na baba mkwe wa mama. Nilieleza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu niliogopa kitakachosemwa nikinyamaza.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "nina babu wa Kikuyu."

Nilimtazama nione kama ni mzaha. Haukuwa. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nirudishe nyumbani, Sista."

Nyumbani aliniamuru nikunjue karatasi, nianze na jina lake mwenyewe, nipande juu jina kwa jina, na kwa kila jina nilete hati yake niisome. Yote. Ilituchukua siku mbili. Sauti yangu ilikwama, nikanywa maji, nikaendelea. Kila jina lilisimama na karatasi yake, vizazi kumi na viwili, hadi tukafika kwa Mkaidi, na juu ya Mkaidi sikuwa na cha kusoma.

"Funika," alisema. Nikakata kipande cha karatasi nyeupe, nikakibandika juu ya jina.

Kisha akaniita kwenye kompyuta kumwandikia binamu. "Andika: nimekosea."

"Mzee, aliyekosea ni mimi."

"Andika ninavyosema. Ile bahasha ilikaa mezani kwangu siku ishirini. Sheria ni yangu, naijua: husimami, husomi, huandiki wino. Sikukuomba unisomee hata mstari mmoja. Unajua kwa nini?"

"Hapana."

"Kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichotaka." Akapapasa meza kutafuta kikombe chake. "Wewe ulidanganywa na mila yako. Mimi sina kisingizio hicho. Andika."

Niliandika. Usiku huo Madam alikuja chumbani kwangu, nikasimama nikidhani amekuja na pasipoti yangu. Aliketi kitandani. Baba yake alikuwa amemweleza kila kitu.

"Alisema anataka nini kutoka kwa huyo baba wa Mkaidi?" aliniuliza.

"Alitaka awe alimbariki."

Alitikisa kichwa kidogo. "Alianza kumtafuta mwezi ule nilioolewa," alisema. "Mama aliniambia. Kabla ya hapo hakuwa na habari na ukoo." Kisha akasimama, akaniambia nilale, na kazi yangu ikabaki kazi yangu.

Katika kurasa za ile bahasha kulikuwa na mstari mmoja uliotaja kitabu kingine, kitabu cha mahakama ya askofu, pale walipohukumiwa walevi, wazinzi na wasiohudhuria ibada. Mzee akaniamuru niiandikie ofisi ya kumbukumbu, niombe kila ukurasa unaomtaja Mkaidi, pamoja na picha ya ukurasa wenyewe. Tukaanza kungoja.

Kungoja kwetu kuliangukia Ramadhani. Mzee hakuruhusiwa kufunga kwa sababu ya sukari, lakini alikataa katakata kula mbele ya waliofunga. Mchana nilimpelekea chakula chumbani, tukafunga mlango, naye alikula kwa kijiko cha plastiki ili kisigonge sahani. Jioni alikuja mezani pamoja na wote. Alikaa na tende mkononi, kichwa ameinamisha, akimsikiliza mwadhini kwa makini kuliko mwenye njaa yeyote pale mezani, na hakuitia tende mdomoni hadi mkwewe aseme bismillahi. Nilimwona Madam akimtazama. Mtu yule yule wa mistari minne.

Jibu lilifika katikati ya mwezi, kwenye barua pepe, alasiri, nyumba ikiwa imelala saumu. Karani wa kumbukumbu alikuwa ameunakili ukurasa kwa mwandiko unaosomeka na kuutafsiri kutoka Kilatini. Mzee alisimama. Nilishangaa kwamba anasimama, kisha nikakumbuka kwamba ndivyo tufanyavyo, nikasoma.

Ulisema hivi, kwa ufupi. Wazee wa kanisa wa parokia ile walikuwa na wajibu kila mwaka kuwataja mbele ya mahakama ya askofu watu waliokosa. Mwaka ule mzee wa kanisa mmojawapo, fundi wa magurudumu, alimtaja Mkaidi kwamba ana mtoto wa miezi mitano na hajamleta kubatizwa, kwamba ameonywa nyumbani, na kwamba amejibu kwa jeuri. Kisha karani wa siku zile aliongeza maneno machache, pengine kwa kuwa hata yeye yalimshangaza: na mtajwa ni mwana wa kuzaa wa mtajaji.

Nikaondoa macho kwenye kompyuta.

"Tena," alisema Mzee.

Nilisoma tena. Jina la baba lilikuwepo. Halikufanana hata kidogo na la mtoto.

"Kuna picha?"

Niliifungua. Nikaikuza hadi ikajaza kioo cha kompyuta. Baba hakujua kuandika. Chini ya maneno, mahali pa sahihi, alikuwa amechora alama ya kazi yake, gurudumu lenye vijiti sita kutoka kitovuni, kubwa, limepinda upande mmoja kana kwamba mkono ulitetemeka au kalamu ilikuwa mbovu. Mzee aliinama, akageuza kichwa akitafuta pembe ya jicho inayoona.

"Naliona," alisema. "Sista, naliona."

Alikaa mbele ya gurudumu lile muda mrefu. Nilifikiri ningemsikia akimlaumu yule baba. Badala yake alisema polepole, kama anayejibu swali la mtu mwingine, "Alikuwa mzee wa kanisa. Angefanyaje? Angekaa kimya kwa mwanawe na kuwataja wana wa wenzake?" Kisha baada ya kitambo: "Angekaa kimya. Ndiyo. Angekaa kimya tu." Na tena: "Yule mtoto akapewa jina la nabii. Hakuna mtu mwenye jina hilo parokia nzima, umenisomea vitabu vyote. Walitaka jina lisilo na babu."

Akampigia binamu yake. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema ni ajabu sana, ni ugunduzi mkubwa, lakini je, ni lazima? Kitabu ni cha familia. Kitasomwa na wajukuu. Wangeweza kuandika jina la fundi magurudumu na kuacha hayo mengine.

"Utaandika yote," alisema Mzee. "Alimshtaki mwanawe. Andika hivyo, na uweke gurudumu."

"Itaonekana vibaya."

"Ilikuwa vibaya."

Alikata simu. Saa ya kufuturu ilikuwa inakaribia na Madam alikuwa ameshuka kuandaa meza, akaikuta karatasi yetu kubwa imetandazwa mahali anapotakiwa kuweka sahani. Alianza kuikunja kwa uangalifu. Mzee alikuwa bado amekaa mbele ya kompyuta, mgongo kwetu.

"Kwenye harusi yenu," alisema, "ningekaa wapi?"

Madam aliacha kukunja. Mimi nikashika jagi la maji, sikujua niliweke wapi.

"Mbele," alijibu. "Kwenye majlisi ya wanaume, pembeni ya kadhi. Nilikuwekea kiti."

"Ulikiweka ukijua siji?"

"Nilikiweka asubuhi ile. Sikuwa najua kitu asubuhi ile."

Mzee alikubali kwa kichwa. "Kilikaa kitupu?"

"Hapana." Madam alisita, na pembe za mdomo wake zikasogea. "Ami yake mume wangu aliweka mguu. Alikuwa na jongo."

"Mguu upi?"

"Wa kushoto, Baba. Niliambiwa aliuweka tangu mwanzo hadi mwisho."

Mzee alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichokwama kwenye kifua na kutoka na machozi, na nilitua jagi nikamsogelea kwa hofu ya kifua chake, lakini alinisukuma kwa mkono bila kunitazama. Alipapasa meza akaupata mkono wa binti yake juu ya karatasi iliyokunjwa nusu.

"Nilikuandikia mistari minne," alisema.

"Ninayo."

"Nilikuwa nimeandika kurasa tatu. Nikazichana." Akaukaza mkono wake. "Nilikutaja, binti yangu. Kwa kasisi wetu. Jumapili iliyofuata nilisimama nikaomba wakuombee kama mtu aliyepotea. Kwa jina lako. Mbele ya watu wote."

Madam hakuutoa mkono wake. Alikaa hivyo, akipumua, nami nilisikia magari yakiharakisha barabarani kuwahi futari.

"Sikujua hilo," alisema.

"Hapana. Mama yako alinikataza kukuambia."

"Na walikuombea nini, hao watu wote?"

"Sikumbuki. Nilipiga kinanda vibaya siku ile." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu ambacho anaweza kunyimwa, "Nisimulie harusi. Anza mwanzo. Usiniachie kitu."

Madam alitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika kama kumi na mbili, na sambusa zilikuwa bado jikoni. Alinifanyia ishara nizilete mimi. Nilipokuwa natoka nilimsikia akivuta kiti karibu na baba yake, akaketi, akaanza na watu waliofika wa kwanza.